Siku Maji Matupu Yalipolingana na Unga wa Mama Keji

Jamani, aibu nyingine mtu hufa nayo kifuani, lakini hii yangu mtaa mzima wa Kator unaijua, kwa hiyo acheni niwasimulie mwenyewe kabla hamjaongezewa chumvi.

Mimi ni Mkenya, nafanya kazi maabara hapa Juba. Mama Keji na wenzake walikuwa wanasaga unga wa uji wa watoto, mtama na kunde, na mnunuzi mmoja akawaambia atauchukua wote mradi sisi tuthibitishe una laisini, ile sehemu ya protini inayomkuza mtoto. Tunapima kwa bakteria: unawapa kila kitu isipokuwa laisini, unatia unga kidogo, wakiipata humo wanazaliana mpaka kichupa kinakuwa cheupe kama maji ya mchele, wakiikosa kinabaki safi. (Kimoja hutiwa maji matupu badala ya unga, kiwe shahidi: hicho lazima kibaki safi.)

Asubuhi hiyo Mama Keji akaniletea kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, na mboga ya karanga, na nani Juba anakataa chakula cha mama? Nikala, nikalamba vidole, narudi mezani nakuta mpira wa kuvutia kwenye bomba la kupimia umepasuka, nikasema aah, kwani mdomo ni wa nini! Nikavuta kwa mdomo, kichupa baada ya kichupa, karanga bado ziko kwenye meno. Nilivichemsha vyote kabla ya kutia bakteria, sawa, vijidudu vya mate vikafa, lakini laisini ya karanga haifi, ndugu zangu.

Siku ya majibu kina mama wakajaa maabara, bosi kavaa tai. Nikainua vichupa. "Unga wenu ni moto!" Vigelegele! Mama Keji peke yake alikuwa anakikodolea macho kichupa cha mwisho.

"Binti yangu, mimi iko na swali. Hii ya mwisho unga ya nani?"

"Hiyo ni maji tu, mama."

"Sasa mbona iko nyeupe sawasawa na yangu?"

Wallahi, nilitamani ardhi inimeze. Bosi akanigeukia, nikakiri yote, mpaka meno.

"Kwa hiyo unga yetu imeanguka?" akauliza Mama Keji.

"Sijui, mama." Hilo ndilo liliniuma.

Nikarudia kazi yote kwa mpira mpya, mdomo nimeufunga kama mfungaji wa Kwaresima, usingizi sikuupata. Kichupa cha maji kikabaki safi, cha unga kikawa cheupe. Nililia, jamani, nililia kwa raha mbele ya bosi!

Mama Keji alikuja na bakuli lake, akasimama mlangoni. "Nimeacha chakula hapa nje," akasema. "Maliza kwanza."

Na mpaka leo namaliza kwanza.