Televisheni ya Mama Mkwe na Kompyuta za Machochwe

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika kifaa chochote. Nilifagia karakana ya redio pale Sirari, karibu kabisa na mpaka, halafu Fundi Mkuu akaniketisha juu ya kreti la soda na kuniwekea mbele redio mbili zilizofanana kama mapacha.

"Mura," akaniita, yaani kijana kwa Kikurya, "hizi ni aina moja au mbili?"

Nikasema ni aina moja.

"Hii imenunuliwa Nairobi. Hii nyingine padri ameileta kutoka Amerika. Ukiichomeka ya padri kwenye umeme wetu, inakufa hapo hapo na wewe unabaki kunusa moshi. Kabla hujafungua kitu, uliza kimetoka wapi."

Sina hakika kama alisema padri au baharia. Maana ilikuwa ile ile.

Mimi nilisoma hadi darasa la saba. Vijana mliopitia vyuo mkiona nimekosea mahali, yawezekana kweli nimekosea, wala msinionee aibu, nirekebisheni. Ila kompyuta za zamani za nyumbani nimezishika mwenyewe, na naona walionifundisha wengi wameshaondoka bila kuandika.

Pale Sirari nilijifunza mambo mawili. La kwanza ni umeme. Wetu ni volti mia mbili na arobaini, na nchi nyingine wana mia na kumi, kwa hiyo kifaa chao lazima ukitafutie transfoma ya kupunguza. La pili ni picha. Miaka ile upande wetu hakukuwa na stesheni ya televisheni, tulitazama ya Kenya. Watu walinunua televisheni ndogo za nyeusi na nyeupe zinazotumia betri ya gari. Zilikuwa na kitufe kikubwa mbele cha kutafuta stesheni kwa mkono, na nyuma kitufe kidogo cha kushikilia picha. Picha ikianza kupanda juu juu bila kusimama, unazungusha kile cha nyuma taratibu mpaka itulie. Fundi Mkuu alisema kitufe hicho kinataka mkono wa mtu asiye na haraka. Mimi nilikuwa na haraka, alinigonga vidole mara nyingi.

Kutoka hapo nilichukuliwa na kituo cha mafunzo cha kanisa huko Machochwe, upande wa Serengeti. Nilipelekwa kutunza jenereta na cherehani. Mkuu wa Kituo alikuwa mtu wa Bukoba, mpole, anayependa kila kitu kiwe mahali pake. Siku moja lori likashusha makasha. Ndani mlikuwa na kompyuta ambazo marafiki wa kanisa wa nchi za nje walikuwa wamezitumia majumbani mwao wakazichoka.

Niwaeleze zilivyokuwa. Kompyuta ya nyumbani ya wakati ule ilikuwa kibodi nene tu, na mashine yote imo humo ndani. Haikuwa na kioo chake, uliiunga kwenye televisheni. Programu ilikuja kwenye kaseti kama za muziki. Unabonyeza kinanda cha kaseti, kinalia kwa sauti ya kukwaruza, unasubiri mpaka chai ipoe, ndipo somo linatokea. Likitokea.

Kabla sijafika chumbani mtu alikuwa ameshachomeka kompyuta moja ya Amerika ukutani bila transfoma. Sikumwona, kwa hiyo simtaji. Harufu ilikaa chumbani hadi Jumapili.

Nilizigawa kwa kuuliza zimetoka wapi. Nusu zilitoka Ulaya, nusu Amerika. Jina la kiwanda lilikuwa moja, kibodi moja, hata rangi moja ya maziwa yaliyoganda. Za Ulaya zilikubali umeme wetu na televisheni yoyote. Lakini kaseti ya kufundishia kupiga chapa, ambayo ndiyo tuliyoihitaji, ilikuja na zile za Amerika. Ukiiweka kwenye mashine ya Ulaya inasoma mpaka mwisho, kichwa cha somo kinaonekana, halafu inaganda. Nilivyoelewa mimi, aliyeitengeneza alihesabu mistari ya picha ya kwao, na mashine ya Ulaya ina hesabu nyingine. Amerika picha huchorwa mara sitini kwa sekunde, huku kwetu na Ulaya mara hamsini. Kwa hiyo programu ilitaka mashine ya Amerika, na mashine ya Amerika ilitaka televisheni ya Amerika.

Umeme wake nilishautatua, nilisuka transfoma. Picha ndiyo ilinishinda. Mkuu alikuwa ameagiza televisheni mpya ya rangi kutoka Musoma. Tukaiunga. Chenga tupu, hakuna picha.

"Fundi, hii ni mpya kabisa, ina rimoti."

"Ndiyo maana inakataa, Mkuu. Inatafuta stesheni yenyewe, na hii haiijui, inairuka. Tungepata ya zamani yenye vitufe, ya nyeusi na nyeupe, labda ningeibembeleza."

"Yaani nirudishe mpya nikanunue ya zamani?"

"Nasema labda, Mkuu. Sina hakika."

Alinitazama sana. Simlaumu. Hata mimi ningemtazama hivyo fundi wa namna hiyo.

Mwenye shida hasa alikuwa Mwalimu Ghati, mjane wa kutoka Nyangoto, aliyechukuliwa kwa majaribio kufundisha wasichana kupiga chapa. Alikaa chumba cha nyuma ya darasa na mtoto wake. Mkuu alimwambia mbele yangu, bila ukali, kwamba wageni wa kanisa wanakuja baada ya mavuno kuangalia darasa. Wakikuta chenga, darasa halipo. Chumbani ataweka mahindi ya wakulima, ambayo yalikuwa yakilala nje na kunyeshewa, na mwalimu atarudi kwao. Kusema kweli yale mahindi yalikuwa yakiota. Mkuu alikuwa na paa moja na shida mbili.

Alipotoka, Ghati aliniuliza, "Shemeji zangu wameshachukua nyumba na shamba. Nikirudi, narudi kwa nani?"

Nyumbani nilimweleza mke wangu, Bhoke. Akasema, "Si kuna ile televisheni ya mama? Picha ikianza kupanda anainuka mwenyewe anazungusha kitu huko nyuma, hataki mtu amsaidie."

Mama yake alikaa Nyanungu. Kaka yake Bhoke, anayefanya kazi Kenya, alimletea televisheni ya betri, na jioni majirani walijaa kwake. Mimi sikuwahi kuiona. Kwetu Wakurya mkwe haingii nyumba ya mama mkwe, hamshiki mkono, hali chakula mbele yake, wala hamtazami usoni. Siku hizi walokole wanasalimiana kwa mkono, sisemi wamekosea. Sisi hatukuwa hivyo.

Nilifunga mashine moja ya Amerika, transfoma na jenereta ndogo, nikapata lori hadi Nyangoto na kutoka hapo nikasukuma baiskeli. Nilisimama nje ya ua nikamtuma mtoto wa jirani aseme nimefika na naomba televisheni itolewe nje nijaribu kitu. Jibu lilitoka ndani kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia.

"Mwambieni mkwe kitu cha ndani mwangu hakitoki kumfuata yeye. Watu watasema ng'ombe za mahari zinarudi kwa mlango wa nyuma!"

Majirani wakacheka. Mmoja akasema, "Na kweli, jana ng'ombe, leo televisheni."

"Mama, nahitaji kuiona tu," nikasema nikiwa nimegeukia zizi.

"Utaionaje na mimi nimo? Pitisha hizo waya zako dirishani. Niambie nifanye nini."

Basi ndivyo tulivyofanya. Mimi nilikaa nje chini ya dirisha, mgongo ukutani, kibodi mapajani. Yeye alikuwa ndani na televisheni. Nikamwambia azungushe kitufe cha mbele polepole.

"Chenga. Chenga. Chenga. Hee! Kuna weusi unakimbia."

"Rudi kidogo."

"Nimerudi. Mistari inapanda juu kama ng'ombe waliosikia chui."

"Sasa kile cha nyuma, mama. Taratibu."

"Taratibu naijua kuliko wewe."

Majirani walisogea karibu na dirisha. Mimi nilijiambia haitawezekana, kwamba nimebeba chuma hiki chote kuja kuchekwa ukweni.

"Imesimama," akasema. "Ina ukungu kidogo, lakini imesimama. Kuna kidoa kinapepesa."

Kidoa kinachopepesa ndicho mahali ambapo herufi itatokea. Maana yake mashine inakusubiri. Nilitaka kujua kama herufi zinasomeka, na sikujua niandike nini. Nikaandika: SHIKAMOO MAMA.

Alisoma pole pole, herufi moja moja, kama alivyosoma darasa la watu wazima. Alipomaliza nilisikia kiti kikivutwa, nikadhani picha imekimbia tena. Miaka yote tangu nimwoe binti yake, salamu zangu zilipitia midomo ya watoto.

"Marahaba," akajibu. "Unaandika vizuri, mkwe."

Kwa hiyo nilijua inawezekana. Nilikwenda Sirari kwa Fundi Mkuu, tukapekua stoo yake na kwa watu walioanza kununua za rangi, tukapata televisheni tatu za vitufe zinazokubali. Ziligoma kidogo, kwa sababu jenereta ikichoka picha inaanza kupanda, na lazima mtu awe nyuma ya vioo wakati wote akizirudisha. Mtu huyo angekuwa mimi. Mkuu alikubali, ila alisema tatu ni chache kwa wasichana wengi vile.

Asubuhi ya wageni, lori la mbuzi lilisimama getini. Mama mkwe akashuka na televisheni yake imefungwa kwenye khanga, na betri imebebwa na utingo. Bhoke alikuwa amemweleza habari za Ghati. Nilimsikia mama akimwambia Bhoke, aliyekuja kumpokea, "Nilisema haitoki kumfuata mkwe. Sijasema haitoki na mimi." Akapita moja kwa moja hadi darasani, akaiweka mezani na kuvuta kiti.

Nami nikatoka darasani.

Ghati alinikimbilia mlangoni. "Fundi, unaenda wapi? Wageni hao wanashuka!"

"Mama yumo ndani."

"Mama gani?"

"Mama yake Bhoke."

Ghati ni Mkurya kama mimi. Uso wake ulibadilika. "Basi toka! Toka upesi!" Halafu akashika kichwa. "Na vioo je?"

Nikamwambia amwombe mama avishike vyote, anajua kile kitufe kuliko mimi. Mkuu, ambaye kwao mambo haya ni tofauti, alikuwa akizunguka na kuuliza, "Fundi ametoroka? Leo?"

Nilikaa nyuma ya ukuta wa darasa, upande wa jenereta. Niliwasikia wageni wakiingia. Nilisikia kaseti ikikwaruza. Katikati ya somo jenereta ilikohoa, wasichana wakaguna, na nikajua kule ndani picha zote zinakimbia. Niliinuka. Nikakaa tena. Kisha nikasikia viatu vya plastiki vikipita nyuma ya meza moja hadi nyingine bila haraka, na sauti yake:

"Nyie andikeni. Hii nimeshaishika. Na hii. Wewe mwenye kilemba, usinitazame mimi, tazama kazi."

Mgeni mmoja akauliza, "Huyu mama ni mwalimu wa pili?"

"Ni fundi wetu wa picha," Mkuu akasema.

Walipoondoka Ghati alikuja akakaa kwenye jiwe karibu yangu. Alisema, "Wamesema tuendelee." Mahindi yalijengewa kibanda cha mabati upande wa pili, na Mkuu mwenyewe alishika nyundo.

Darasa lile liliendelea mpaka mashine zilipokufa moja moja na zile za kisasa kuja. Mimi nilihamia Nyangoto, kwenye duka la kuchapa barua, ambako kompyuta zote zilifanana na zilikubali umeme wowote bila kuulizwa zimetoka wapi. Nilifanya kazi huko hadi macho yalipokataa. Nashukuru kwa urahisi huo, sidanganyi kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Kulikuwa na moshi mwingi. Lakini nadhani, na naweza kuwa nimekosea, kwamba vitu visivyopatana vilitulazimisha sisi tutafute namna ya kupatana.

Mama mkwe ameshafariki. Nilimzika bila kuwahi kumtazama vizuri usoni. Vijana wanaojifunza kwa Mwalimu Ghati, ambaye sasa ni mzee kama mimi, huja kuniuliza lile somo la kwanza lilionekanaje kwenye vioo. Nawaambia waende kumuuliza yeye. Mimi sikuona hata herufi moja. Nilikuwa nyuma ya ukuta, na nilichosikia ni vidole vya wasichana vikigonga kibodi, vingi kwa pamoja, bila kusimama.