Maharagi ya Mama Ndani ya Telefone

Mama alipopata kiharusi, mkono wake wa kuume ulibaki umelegea. Alikuwa amelima maharagi kwenye milima hii ya Masisi tangu kabla sijazaliwa, na sasa hakuweza hata kushika kijiko. Muganga wa hospitali alimpa kitambaa kilichoviringishwa kama mpira, akamwambia akibonyeze kila siku. Mama alikibonyeza siku mbili, kisha akakisukuma chini ya kitanda.

“Miye niko mutoto wa kuchezesha mupira?” aliniuliza.

Mimi nafundisha Kifaransa kwenye sekondari. Kwenye ordinateri, yaani kompyuta, najua kuandika mitihani tu. Lakini mwenzangu wa kazini alikuwa amenionyesha msaidizi wa akili bandia anayeandika programu: unamweleza kwa maneno ya kawaida, yeye anaandika kodi, yale maagizo ambayo mashine inayafuata. Jumamosi moja nilikaa karibu na ukuta wa kanisa, mahali mtandao unaposhika, nikiwaza Mama azoeze ule mkono kwa kucheza, nikamwomba mchezo mdogo wa kufunguka kwenye kivinjari cha telefone. Maharagi yaanguke, mchezaji aguse mabovu, aache mazuri.

Dakika chache tu, mchezo ukawa tayari. Nilipanda nyumbani karibu mbio.

Maharagi yalianguka kama mvua ya mawe. Kila mara kidole cha Mama kilipofika, haragi lilikuwa limeshapita. Kisha kioo kizima kikawa chekundu, na neno likatokea: UMESHINDWA.

Mama aliweka telefone mapajani. “Hata telefone inajua kama nimeshindwa,” akasema polepole.

Niliona haya. Sikuwa nimemwambia msaidizi mchezaji ni nani. Nilirudi penye ukuta wa kanisa nikamwandikia yote: ugonjwa, kidole kinachochelewa, lile neno jekundu. Hakuandika kodi kwanza. Aliniuliza kama mama yangu anaona vizuri, kidole chake hukaa juu ya kioo muda gani, na kama anapenda kuhesabiwa pointi ao kufanya kazi kwa utulivu. Majibu mengine sikuyajua, ikabidi nipande tena kumuuliza Mama mwenyewe. Nadhani tangu augue, hakuna aliyekuwa amemuuliza anapenda nini.

Mchezo wa pili ulikuwa na maharagi makubwa, yametulia juu ya lungo la kupepetea. Hapakuwa na saa wala kushindwa. Msaidizi alinishauri pia niuweke wote katika faili moja ndani ya telefone, ufunguke hata bila mtandao.

Mama aliangalia, akakunja uso. Maharagi mabovu yote yalikuwa meusi.

“Nani mwenye alifanya hii?”

“Mashine, Mama. Mimi niliielezea tu.”

“Haijakula maharagi. Ile nyeusi njo tamu kuliko zote. Haragi ya mubaya iko na tundu ya mududu. Uiambie.”

Sauti yake ilikuwa ile ya shambani, ya kuagiza watu kazi. Nilikuwa sijaisikia kwa miezi. Wiki nzima tulifanya hivyo: yeye anakosoa, mimi ninapeleka maneno yake, msaidizi anarekebisha. Mara moja msaidizi alikosea kabisa. Ukigusa haragi bovu, zuri ndilo linapotea. Mama alicheka mpaka akakohoa.

Tangu hapo alicheza kila asubuhi baada ya uji. Muganga alipoongeza mazoezi mengine, hakuyakataa. Sisemi mchezo ndio uliomponya. Kulikuwa na dawa, na majirani waliokuja kumwombea, na ukaidi wake mwenyewe. Mkono haujarudi wote. Lakini Jumapili moja nilimkuta mlangoni ananisubiri twende ibadani, kitenge amekifunga mwenyewe, fundo limeenda upande.

Njiani akaniuliza, “Ile mashine, ulishaiambia aksanti?”

“Bado, Mama.”

“Uiambie leo.”

Niliiambia siku ileile, kwa Kiswahili chetu cha huku, kwamba Mama anasema aksanti. Halafu nikaongeza yangu: kwamba ile wiki ya kukosolewa ilikuwa wiki nzuri kuliko zote tulizokaa pamoja tangu augue.