Leso ya Neno Moja

Sarafu zilimwagika chumbani kwa shangazi yangu, Msambweni, alasiri moja nikiwa barazani ninachagua mchele. Zilimwagika nyingi mno, kwa mlio wa kengele ndogondogo, kisha mwanamume mmoja akacheka kwa furaha isiyo na sababu. Binamu yangu alikuwa ndani anatazama video kwenye simu, na tangazo lilikuwa limejipenyeza katikati. Hadi hapo sikuwa na la kushangaa. Kilichonisimamisha ni mdundo mfupi wa marimba uliofuata, kwa kuwa niliujua: ulikuwa mdundo wa mchezo wetu. Na mchezo wetu hauna sarafu hata moja.

"Mama!" binamu akaita. "Njoo ujione! Umekuwa tajiri!"

Yanipasa nieleze. Ninasomea shahada ya uzamili katika usanifu wa picha, na kampuni ndogo ya michezo ya simu iliyoko Ukunda ilinipa kazi ya kuchora picha za dukani za mchezo wao mpya wa karata. Kila karata ni fundi: mwashi, mshonaji, mpishi, seremala. Mchezaji huwapanga mafundi hao hadi mji usimame. Hakuna dau wala fedha ya kushinda. Picha za dukani ni zile anazoziona mtu katika duka la programu kabla ya kuamua kupakua, na nilizichukulia kwa uzito ambao wenzangu waliuona kichekesho. Nilizipunguza hadi ukubwa wa ukucha nikazitazama juani, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, kwa sababu ndivyo zitakavyotazamwa. Nilipunguza rangi. Nilihakikisha jicho lina mahali pamoja pa kutua. Zaidi ya yote, niliamini, na bado ninaamini, kwamba picha ya dukani ni ahadi: usimwonyeshe mtu mlangoni kitu ambacho hatakikuta ndani.

Mahali pa jicho kutua palikuwa uso wa shangazi yangu.

Nilimwomba ruhusa. Shangazi hufundisha wasichana Kurani kwenye baraza ileile niliyokuwa nikichagulia mchele, na aliniuliza swali moja tu: "Ni kamari?"

"La, shangazi. Wallahi si kamari."

"Basi chora."

Nikamchora ameshika karata za mafundi kama ashikavyo upepeo, macho yake yakizitazama. Nikamvika leso yake mwenyewe, na jina la leso, ule usemi ulioandikwa juu yake, likipita kifuani herufi kwa herufi: RIZIKI HAICHEZEWI.

Sasa nilisimama nyuma ya binamu yangu na kuitazama kazi yangu. Mafundi walikuwa wameondolewa mikononi, pakawekwa karata za mfalme na malkia. Lundo la dhahabu lilipanda hadi kifuani na kulifunika jina la leso, likabaki neno moja, RIZIKI, linameremeta. Macho yalikuwa yamegeuzwa yamtazame mtazamaji. Jicho moja lilikuwa limekonyezwa.

Shangazi alivaa miwani, akatazama. Aliivua miwani na kuifuta kwa muda mrefu, ingawa haikuwa na vumbi.

Habari haikuchelewa. Jirani mmoja alipita akasimama uani, ndoo mkononi. "Mwalimu! Nasikia riziki imefunguka. Nasi jirani zako turushie basi sarafu mbili tatu."

"Riziki hairushwi, mwenzangu," shangazi akamjibu. "Hao wanaorushiwa ni kuku."

Jirani alicheka. Mimi sikuweza. Kabla ya Ijumaa, dada wawili ambao ndio hodari wa darasa hawakuja. Kisha hakuja wa tatu. Hakuna mama aliyefika kuuliza jambo. Tuliambiwa watoto wana mafua tu, wote kwa pamoja.

Nilikwenda Ukunda. Mkuu wa kampuni ni kijana wa bara, mchangamfu, ambaye huniita Profesa kwa namna ambayo sijawahi kuipenda.

"Profesa! Umekam kutupongeza? Cheki vile watu wanadownload."

"Mchezo hauna sarafu."

"Aii, si ni picha tu. Kwani ile nyama iko kwa pakiti ya noodles, ushawahi kuipata ndani?"

"Mmemkonyezesha jicho shangazi yangu."

"Nani?"

"Huyo. Ni mwalimu wa Kurani."

Alinitazama, akaitazama picha, na kwa kitambo kifupi nilidhani amefahamu. "Mi nilidhani umemtoa tu kichwani," akasema. Kisha akafungua mwongozo nilioiandikia kampuni mimi mwenyewe, akausoma kwa sauti: "'Katika ukubwa wa ukucha, jicho hubeba neno moja tu. Chagueni moja.' Si ni wewe uliandika? Tulichagua moja. Na ni poa, riziki! Kila mtu anataka riziki."

Niliandika hivyo. Niliandika kuhusu jina la mchezo. Haikunijia kamwe kwamba mtu anaweza kuishika leso na kuikata ulimi, kwa maana nilikokulia leso husomwa kabla haijavaliwa, na mwanamke aweza kununiwa mwaka mzima kwa jina la leso aliyoivaa harusini. Kwake yeye ilikuwa kitambaa chenye maandishi. Aliahidi kwamba watabadilisha "tukimaliza hii kampeni." Nilimweleza kwamba uso ule si mali yake wala si mali yangu. Akanikumbusha kwamba nilitia sahihi mkataba. Shangazi hakutia sahihi popote, nikasema. Akanyanyua mabega na kuniuliza kama ningependa chai.

Nilirudi nikaandika malalamiko kwa wenye duka la programu. Ninajijua: nilikaa asubuhi nzima nikipima kati ya "kupotosha" na "kudanganya", nikabadilisha mpangilio wa aya, nikaambatanisha picha mbili kando kwa kando, nikaziondoa, nikazirudisha. Jibu lilikuja la mashine: tumepokea, tunapitia. Nikaanza barua ya pili.

Shangazi alikuwa akikunja majamvi ambayo hayakuwa yamekaliwa na mtu. "Unamwandikia nani tena?"

"Wenye duka, shangazi."

"Wananijua?"

"La."

"Hao wa Ukunda, wananijua?"

"Hawakujui."

"Basi waandikie, sikukatazi. Lakini mama za hawa watoto wananijua tangu wao wenyewe wakikaa kwenye majamvi haya. Hao mbona huwasemezi?"

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata anwani yake. Kijana wa Ukunda hakujua kusoma leso. Wao walijua. Hakuna mwanamke wa pwani hii asiyejua kwamba leso hubeba usemi mzima; leso ya neno moja mimi sijaiona dukani wala sandukuni. Walitazama usemi uliokatwa shingo, juu ya kifua cha mwanamke aliyewafundisha alifu na be, wakaona afadhali mafua.

Nilimwomba binamu nambari ya mama wa wale dada wawili. Nilitaka kwanza kuandika nitakayoyasema. Nikaandika mstari mmoja, nikaufuta, nikapiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mpwa wa mwalimu. Mimi ndiye niliyeichora ile picha. Niliichora bila sarafu, bila kukonyeza, na leso yake niliiandika yote. Walioikata ni watu wa kampuni. Mwalimu aliniuliza kama ni kamari, nami nikamwapia kwamba sivyo, na sivyo hata leo."

Nyuma yake nilisikia mtoto akisoma kitu kwa sauti, akikosea, akirudia, bila mtu wa kumsahihisha.

"Nami niliona ajabu," akasema hatimaye. "Nilimwambia baba yao, leso gani hii ya neno moja?"

"Uliona."

"Niliona, mwanangu."

"Basi mwalimu mbona hukumwuliza?"

Nilikuwa na maneno mengine tayari, makali na yaliyopangwa vizuri, nikayaacha yalipo. Nikavuka uani, nikampa shangazi simu.