Fundi Sura Alivyojitengeneza

Pale kwenye banda la gemu alijulikana kwa jina moja tu, Fundi Sura, na hakupewa kwa kejeli. Anayeanza mchezo wa mapanga na mazimwi lazima kwanza amtengeneze mhusika wake: pua, taya, nafasi kati ya macho, rangi ya ngozi. Kila kitu kina mshale wake wa kusogeza kushoto au kulia, na mishale yenyewe ni mingi kiasi cha kumtia mtu wazimu. Wateja wanalipia kwa saa. Wengi walimaliza saa nzima wakihangaika na pua, wakainuka hawajaua hata zimwi moja. Ndipo mwenye banda akamweka yeye. Anakukalisha kushoto kwake, anakutazama mara moja, na kabla hujamaliza soda yako umo ndani ya skrini, umevaa deraya.

Kukaa kushoto ilikuwa sheria. Upande wa kulia wa uso wake, kuanzia chini ya jicho hadi kwenye taya, uliungua kwa mafuta ya moto tangu utotoni, ngozi ikajikunja na kubaki hivyo. Na jambo la kuchekesha, kama una roho ya kucheka, ni kwamba wateja walipenda makovu kuliko kitu kingine chochote. "Nitie na kovu, Fundi," wanaume wazima wenye mashavu laini walimwomba, "nionekane nimepigana." Akawatia. Kwenye skrini kovu ni pambo. Nyumbani, shangazi yake aliyemlea alikuwa ameshakata tamaa ya kupokea posa, wala hakuwa mtu wa kumung'unya maneno.

"Wewe mwanangu, shika kazi tu," alimwambia.

Aliyevunja sheria ni mchomeleaji wa mageti, mwenye karakana ng'ambo ya barabara. Kila jioni alikuja akinuka chuma, akavuta kiti upande wa kulia, akapiga soga kana kwamba haoni kitu. Hakuna aliyewahi kukaa hapo. Fundi, mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mwenye akili zake timamu, akaanza kupaka wanja.

Siku moja mchomeleaji akamwambia, "Fundi, mchezo umefika mahali mtu anachukua mwenza. Nitengenezee wangu."

"Wa namna gani?"

"Kama wewe. Sitaki mwingine."

Pedi ya kuchezea nusura imponyoke. Alipofika nyumbani alimweleza shangazi, na shangazi, kwa mara ya kwanza, hakusema neno la kuudhi. Aliuliza tu kama huyo bwana ana wazazi.

Asubuhi yake alifika banda halijafunguliwa kwa wateja, akajitengeneza kwenye skrini. Macho, paji la uso na midomo havikumpa taabu. Alipofika kwenye makovu aliduwaa. Angeweza kuyaruka. Lakini bwana yule alisema kama wewe, na miezi yote hiyo alikaa upande wa kulia kwa hiari yake. Kumdanganya sasa kungekuwa kumtukana. Basi akaliweka kovu lake kwa kina chake na rangi yake, hakupunguza hata chembe. Hakuwahi kufanya kazi safi kama ile. Alijitazama akajipenda, maskini.

Jioni mchomeleaji akatazama, akakuna kidevu.

"Umepatia kila kitu," alisema, "ila hapa umeharibu."

Akachukua pedi mwenyewe, yeye asiyejua hata kurekebisha pua, akaenda moja kwa moja kwenye makovu na kurudisha mshale mwanzo kabisa. Shavu likanyooka. Akawaita wenzake waje waone.

"Kumbe Fundi ni mzuri hivi," mmoja alisema.

"Angekuwa," mchomeleaji alimsahihisha, bila ubaya wowote, kama anayesahihisha kipimo cha geti. "Unafikiri kwa nini nakaa upande huu? Namtazama, namwondolea kovu kichwani mwangu."

Alisema hayo akiitazama skrini, kwa macho ambayo Fundi aliyangoja maisha yake yote. Ilimuuma, ikamuuma hasa. Aliwaza kumfuta yule mwanamke. Ni kubonyeza tu. Lakini kazi ya mteja haifutwi, na mwenye banda alikuwa amesimama mlangoni akicheka.

Mchezo ule una harusi. Mchomeleaji akapiga goti na deraya yake, mwanamke wa kwenye skrini akampa mkono, banda zima likalipuka kwa makofi na mbinja. Fundi alikuwa amesimama na kitambaa cha kufutia pedi, hajui aende wapi.

"Fundi, tupishe kidogo," mchomeleaji alimwambia kwa upole. "Unatuzibia."

Akapisha.