Mioyo Katika Sufuria

Jumamosi ile wazazi walikuwa wanakuja kutuhukumu, ndiyo maana niliamka roho juu, nikamnunia kila aliyenisalimia. Tulikuwa wanachuo wanne wa ualimu, tukijitolea kila Jumamosi kufundisha sayansi kwa vitendo kwenye shule moja ya msingi uwandani, chini ya Mlima Hanang. Watoto walitupenda. Wazazi walisema tunawachezesha tu. Jumamosi ni siku ya kuchota maji na kuchunga, na mama mmoja mwenye binti darasa la sita alishamwambia mwalimu mkuu waziwazi: kama ni mchezo, mtoto wake ataucheza nyumbani akiwa na ndoo kichwani. Mwalimu mkuu akaamua tufundishe mbele yao, kisha waseme kama tuendelee au tufungashe virago.

Tukachagua somo la moyo. Watoto wa wafugaji wameona mbuzi wakichinjwa tangu hawajaota meno, lakini moyo huishia chunguni bila mtu kuupasua aone damu inapita wapi. Maandalizi niliyashika mimi, kwa sababu wenzangu hawaaminiki hata kwa kununua chumvi. Buchani, mjini Katesh, nilinunua mioyo ya mbuzi pamoja na mapafu, ambayo tungeyajaza upepo kwa pampu ya baiskeli. Jua lilikuwa kali, na mimi niliyezoea baridi ya Mbulu huona kila kitu kinaoza. Nikaipeleka ndoo jikoni, kwenye kivuli.

"Shikamoo mama," nikamwambia mpishi wa shule. "Naomba ututunzie hii nyama mpaka saa nne."

"Marahaba. Wewe niachie mimi, mwanangu."

Saa nne wazazi walikuwa wameshakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Wazee wa kiume walisimama nyuma na fimbo zao. Nikakimbilia jikoni. Harufu ya kitunguu ilinipokea mlangoni.

"Imeiva," mpishi akasema kwa furaha. "Nyie wa chuo mna haya. Mtu analeta nyama jikoni, anasema tunza. Nikajua tu mnataka supu."

Mapafu yalikuwa vipande vinavyoelea. Mioyo ilikuwa bado mizima. Alikuwa ndiyo kwanza anatafuta kisu. Nilitaka kulia, nilitaka na kugomba, lakini utamgombezaje mama wa watu aliyekutilia mpaka pilipili hoho? Nikasema asante, nikaiopoa mioyo kwa upawa, nikaipeleka darasani kwenye sinia ikifuka mvuke.

Wazazi walicheka. Mzee mmoja akauliza kama ugali unafuata. Masikio yaliniwaka moto, na wenzangu wakajifanya wanachunguza viatu vyao.

Tukaigawa mioyo hivyo hivyo, imeiva, kwa vikundi vya watoto. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo hatukuwahi kuambiwa: moyo uliochemshwa hautelezi. Ule mbichi tuliojaribu nao chuoni ulitukimbia mikononi. Huu ulikatika vizuri kama kiazi, vyumba vyake vinne vikaonekana, na zile vali, vilango vyeupe vyenye nyuzi nyembamba. Binti wa yule mama akaubeba wa kikundi chake, akamwendea mama yake bila kutumwa na mtu.

"Weka kidole hapa, mama. Damu inaingia huku. Ikitaka kurudi, hiki kinaizuia."

Mama akaingiza kidole. Akakitoa, akakirudisha tena. Hata wazee wenye fimbo walisogea.

"Na wa kwangu uko hivi?"

"Uko hivi hivi, ila wako ni mkubwa." Binti akauchukua mkono wa mama yake, akauweka kifuani mahali penyewe. Mama akatulia, akisikiliza kwa kiganja. Nilimwona akitabasamu peke yake, na mimi na ukali wangu wote ikabidi nigeukie ubao nifute machozi.

Supu tuliinywa wote, nayo ilikuwa tamu. Halafu mwalimu mkuu akauliza wazazi wanasemaje kuhusu Jumamosi. Nikajikuta nimeshikilia ukingo wa meza. Yule mama ndiye aliyesimama kwanza, akafuta mikono kwenye khanga yake, na wala hakututazama sisi. Alimtazama binti yake.

"Utakuja," akasema. "Lakini maji utachota Ijumaa."