Mchambuzi Aliyetazama Mechi Ndani ya Friji

Kazi ya mwanangu kwenye timu ya chuo, katika mpira wa Kimarekani, ni kuinama. Anainama, anaushika mpira uliolazwa chini, anaurusha nyuma kupitia katikati ya miguu yake mpaka kwa mwenzake aliyepiga goti. Huyo anausimamisha haraka, na wa tatu anaupiga kwa mguu upite kati ya milingoti miwili. Mwanangu akisharusha, wanaume wenye miili kama makabati wanamwangukia. Kisha anatoka, anakaa kwenye benchi na kusubiri wakati wa kuinama tena. Hafungi, hakimbii na mpira, na mtangazaji hamtaji. Akimtaja, ujue ameharibu.

Mama mkwe alipopiga simu kutoka Kenya kuuliza mjukuu wake anacheza namba ngapi, nilimweleza hivyohivyo. Akauliza kama chuo kizima hakina mtu mwingine anayeweza kuinama, ili mjukuu wake naye apewe kazi ya kusimama.

Mume wangu yeye aliunda kamati. Sisi Wakenya wa huku hatuwezi kukaa watu watatu bila kuchagua mwenyekiti. Harusi ina kamati, msiba una kamati, na mwaka tuliponunua mashine ya kuondoa theluji kwa ushirika na majirani, mashine ile ilipata katibu kabla ya kupata petroli. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya kanisa, wajumbe walikuja sebuleni kwetu hapa mjini Richfield kuchambua mechi ya Jumamosi. Kikao kilifunguliwa kwa maombi, yakakatizwa na ndege inayotua kiwanja cha jirani, yakaendelea ndege ikishapita. Mtu hakuzungumza bila kunyoosha mkono. Mwishoni kulikuwa na mengineyo.

Wajumbe walikuwa watatu tu. Mume wangu alikuwa mwenyekiti kwa sababu kochi ni lake. Wa pili alikuwa rafiki yake ambaye huko nyumbani alifundisha michezo shuleni, sasa ni dereva wa basi la jiji, na bado tunamwita Mwalimu. Mwalimu anaamini kwamba mchezo huu ni raga iliyoharibiwa na watu waoga waliovaa kofia ngumu. Wa tatu ni jirani yetu kutoka Mombasa, mwenye duka la simu kule mtaa wa Phillips. Ni Mwislamu, kanisani hahusiki kabisa. Alikuja mara ya kwanza kwa ajili ya chapati zangu, akabaki kwa ajili ya ubishi. Mimi nilikuwa jikoni, mjumbe asiye na kura.

Ungemsikia mume wangu akichambua, ungedhani kocha humpigia simu kabla ya kupanga timu. Alizungumza juu ya nidhamu, juu ya mbinu, juu ya mstari wa nyuma kulegea. Alinyoosha kidole hewani. Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Na mimi, huku nikisukuma unga, nilikuwa nikiuma midomo nisicheke, kwa sababu nilijua kitu ambacho wajumbe hawakukijua.

Mume wangu hakuwahi kumwona mwanawe akicheza.

Mechi tulikuwa tunatazama pamoja, mimi na yeye, kila Jumamosi. Alikuwa akikaa vizuri, akizomea waamuzi, akishangilia. Lakini mwanangu akiingia tu uwanjani, mzee alinyanyuka. "Naskia chai inamwagika," alikuwa akisema, hata kama hakuna sufuria jikoni. Mara ya kwanza nilimfuata. Nilimkuta amefungua friji na kuingiza kichwa kati ya maziwa na sukuma wiki, macho amefumba, anasubiri. Nilirudi kimya nikakaa. Tangu siku hiyo ilikuwa desturi yetu: mwanangu akishatoka salama, mimi napaza sauti, "Ameshatoka!" na friji inafungwa. Kamwe hatukuzungumza juu ya jambo hilo. Nilipopandwa na hasira juu ya bili ya umeme, nilizungumza juu ya bili ya umeme.

Basi ikafika Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja. Timu ilikuwa imesafiri jimbo lingine, tulikuwa nyuma kidogo, na saa ilikuwa inakaribia kwisha. Mpira ukipita kati ya milingoti, tunashinda. Mwanangu akaingia. Mume wangu akasikia chai.

Nilikaa peke yangu. Mwanangu aliinama, akatulia, akarusha. Mpira ulipaa juu ya kichwa cha yule aliyepiga goti, ukaenda kudunda huko nyuma, na watu wakaukimbilia kama kuku aliyetoroka siku ya Krismasi. Tukashindwa. Mtangazaji akataja jina la mwanangu, akalitaja tena, na televisheni ikarudia picha polepole mpaka nikatamani kuitupia kiatu.

"Ameshatoka?" sauti ilitoka kwenye friji.

"Ametoka," nilisema.

Mwanangu hakupokea simu. Jioni alituma ujumbe wa Kiingereza: anaacha mpira, Jumatatu atamwambia kocha, na kesho atapita nyumbani kuchukua koti lake la baridi. Nilisoma nikakaa kwenye ngazi. Sijali mpira. Ningefurahi zaidi kama angecheza piano. Lakini mtoto huyu alianza kurusha mpira nyuma ya gereji yetu akiwa mwembamba kama ufagio, baridi ikimchuna vidole, na sikutaka aondoke kwenye kitu anachokipenda akiwa ameinamisha uso kwa aibu. Nilimwonyesha mume wangu ujumbe. Nikamwambia tuahirishe kikao.

"Haiwezekani," alisema. "Hii ndiyo siku kamati inahitajika."

Kwa hiyo kamati ilikaa. Waliomba, ndege ikapita, wakasema amina, na jirani yetu akasema amina kwa sauti kuliko wote kwa sababu alikuwa na njaa. Mwalimu alinyoosha mkono, akasimama.

"Bwana mwenyekiti, tusimlaumu kijana. Hiyo ilikuwa upepo. Upepo wa huku mnaujua. Juzi nimefungua mlango wa basi, imenipokonya kofia mpaka stage ingine." Alichukua chapati, akaikunja, akaipeperusha polepole juu ya kichwa cha mume wangu ili kuonyesha upepo ulivyofanya kazi.

"Mimi siungi mkono," alisema jirani. "Kosa ni la mpira wenyewe. Mpira gani huu una ncha mbili? Mwachukua kitu cha duara mwakitia ncha, kisha mwashangaa hakiendi mlikokituma."

"Naona ni pressure," alisema mume wangu kwa utulivu wa mtu aliyeona kila kitu. "Mimi kama mwenyekiti, na kama mzazi, niliona pressure kwa macho yangu."

Hapo niliunguza chapati ya kwanza.

Wakafika kwenye mengineyo. Mwalimu akasimama tena. Akasema kwamba huko nyumbani, mtoto akiharibu shuleni, wazazi hawakai wakitazama dirisha. Wazee wanaenda kumwona mwalimu mkuu, wanaomba radhi kwa niaba ya familia, na hawaendi mikono mitupu. Akatoa hoja kwamba kesho asubuhi, kabla kijana hajafika kwa kocha, wazee watatu wawe wamefika.

"Na mguu wa mbuzi," alisema mume wangu, macho yakimng'aa.

"Mbuzi niachieni mie," alisema jirani. "Nina mtu wangu wa nyama pale Phillips, halali, safi kabisa. Lakini twende nao mbichi ama umechomwa?"

Walilijadili suala hilo kwa uzito ambao hawakuupa mchezo wenyewe. Nilimsikia mume wangu akiuliza kama kuna mtu anayejua hali ya meno ya kocha. Hoja ikaungwa mkono, ikapita bila kupingwa, na mimi nikaunguza chapati ya pili. Nilikuwa na hasira ya kweli. Mtoto yuko njiani, na kati yao hakuna aliyekuwa amefikiria tutamwambia nini akifika.

Akafika. Alikuwa na begi la mazoezi begani na macho mekundu. Hata hivyo alizunguka akawapa wazee mkono mmoja baada ya mwingine, na moyo wangu ukaniuma kwa kumwona mwenye adabu kiasi kile siku ile. Mwalimu hakumpa nafasi ya kukaa. Alimsomea azimio.

Mwanangu alitutazama. Kiswahili anakielewa chote, lakini akishtuka hurudi kwa Kiingereza. "You're taking a goat to Coach?"

"Mguu tu," alisema jirani.

"Hapana. Please. Baba, waambie hapana."

"Kikao kimeshapitisha," alisema mume wangu.

"Haina haja. I'm quitting. Kesho namwambia mwenyewe."

Mwalimu akamshika bega. "Kijana, usiache kitu kwa sababu ya upepo."

"Upepo gani, Uncle? Tulicheza ndani. Ile stadium iko na paa."

Mwalimu akaishusha chapati yake polepole kwenye sahani. Jirani akakohoa. "Mimi tangu mwanzo nilisema ni mpira," alisema.

Mwanangu hakucheka. Alimgeukia baba yake, akaketi chini kwenye zulia mbele ya kochi, kama alivyokuwa akiketi zamani akisubiri kufungwa kamba za viatu. "Baba, wewe unafanya hii analysis kila week. Uncle huniambia vile unaongea, ati unaona vitu hata coach haoni. So niambie. Niliharibu wapi? Ni mikono ama ni miguu? Nimeangalia hiyo video mpaka sijui tena naona nini. Ukisema siwezi hii kazi, naacha, na sitakasirika."

Mume wangu alinitazama. Nilijua alitaka nimwokoe, nitie neno, niite watu mezani. Nilisimama pale na mwiko wangu, nikamwacha ajibu mwenyewe.

"Sikuona," alisema.

"Hukuona nini?"

"Sikuona kitu. Nilikuwa jikoni. Kichwa ilikuwa kwa friji."

"Jana?"

"Jana. Na ile ingine. Na zote. Tangu high school."

"Bwana mwenyekiti!" alisema Mwalimu, akaketi kama mtu aliyeambiwa basi lake limeibwa.

Mume wangu hakumjali. Alikuwa anazungumza na mwanawe tu, na sauti yake ilikuwa imekonda. "Wewe unainama. Unaweka kichwa chini, huoni mbele, na hao majitu wamesimama hapo wanangoja kukurukia. Nani anaweza kuangalia mtoto wake hivyo? Mimi siwezi. Najaribu kila Jumamosi. Siwezi."

Nimeishi na mume huyu miaka mingi, na sikuwahi kujua kwamba hiyo ndiyo sababu. Nilidhani ni woga wa kushindwa. Nilitaka kumkumbatia, lakini mikono yangu ilikuwa na mafuta na suti yake ilikuwa ya kanisani.

Mwanangu akasimama, akampa baba yake mgongo, akainama palepale kwenye zulia, kichwa chini, akatutazama kupitia katikati ya miguu yake.

"Baba, mimi siwaoni hao majitu," alisema, uso umepinduka, damu ikimshuka kichwani. "Hata Mwalimu hapo mbele simwoni. Nikiinama naona nyuma pekee. Naona mwenye ananingoja. Saa hii nakuona wewe, na soksi zako hazifanani."

Tulizitazama soksi. Zilikuwa tofauti kweli. Aliyecheka kwanza ni jirani, akafuata Mwalimu, na mwisho mwanangu mwenyewe, bado ameinama, mpaka akaanguka upande.

Akatoa mpira kwenye begi, akatutoa wote nje nyuma ya gereji. Mwalimu na jirani wakapangwa mbele yake kuwa majitu. Mwalimu alinguruma. Jirani alikataa kunguruma, akasema ana heshima zake, lakini alikunja mikono ya shati. Mume wangu akapiga goti kwenye nyasi kavu na suti yake. Mpira wa kwanza ulimpiga tumboni, akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

"Fungua macho, Baba," alisema mwanangu kutoka katikati ya miguu. "Nakuona umefunga."

Alirusha mpaka baba yake akadaka macho wazi. Kisha akala chapati zote ambazo hazikuungua, akachukua koti lake, na mlangoni akasema kesho ana mazoezi. Akaongeza kwamba akimwona mzee yeyote karibu na kocha akiwa na nyama, atabadilisha jina la ukoo.

Mechi iliyofuata ilikuwa hapa nyumbani, na mume wangu alisema twende uwanjani. Tiketi alizinunua yeye. Tulipofika nikaona tumekaa upande mbaya kabisa, mwisho wa uwanja, mbali na milingoti inayolengwa, mahali ambapo mchezo unaonekana kama wadudu wanaogombana. Nilianza kulalamika. Nina haki ya kulalamika, nilikuwa nimevaa soksi mbili na bado sihisi vidole.

Kisha mwanangu akaingia. Akatupa mgongo, akainama, na nikaelewa kwa nini tuko upande ule.

Uwanja mzima ulikuwa ukitazama milingoti. Mume wangu alisimama peke yake, akainua mikono yote miwili akaipunga kwa nguvu zake zote, akimpungia mwanawe aliyekuwa ametuelekezea makalio. Machozi yalimtoka kwa baridi au kwa kutopepesa, sijui. Mpira ulikwenda ulikotumwa. Watu wakapiga kelele.

"Ameniona," alisema mume wangu, akaketi. "Umeona vile ameniona?"

Nilitazama umbali uliokuwepo, na ule umati wa watu waliovaa rangi moja na sisi.

"Amekuona," nilisema.