Idarus na Tela la Masufuria

Mume wangu Idarus hana adui duniani ila kutu. Mtu akimtukana barabarani, yeye humwuliza habari za nyumbani kwake. Lakini aone doa la kutu kwenye komeo la mlango, basi chai itapoa mezani nami nitaita mpaka sauti inikauke. Twakaa Kisauni, upepo wa bahari watufikia, na chumvi yake haichagui nyumba. Kwa hiyo kwetu kila cha chuma kimepakwa rangi ya kijani: geti, mabomba, miguu ya kitanda. Hata mbuzi ya kukunia nazi aliipaka, nayo ni ya mti! Niliikalia kabla haijakauka, na leso yangu ina mistari mpaka leo, mahali nisipoweza kumwonyesha mtu.

Kazi yake ni umeme wa magari. Ujana wake wote ameumalizia kwenye gereji za Changamwe, sasa afanyia uani kwetu. Watu humletea magari kutoka mbali, kwa sababu Idarus hasokoti waya akabandika utepe na kusema kwaheri. Huzitia lehemu moja moja, huku akiwasimulia. Ila mganga hajigangi. Gari letu wenyewe, Toyota ya zamani iliyotukuta tungali vijana, kwa muda mrefu lilikuwa likipiga honi kila linapokata kulia. Mtaa mzima ulijua Idarus anarudi nyumbani.

Mimi ni mpishi wa harusi. Sufuria zangu haziingii ndani ya gari dogo, kwa hiyo nilikuwa nikikodi pikapu ya Nguma. Harusi ya mwisho, Nguma aliona vyema apitie kwanza kupeleka mbuzi wa watu Mwakirunge. Sufuria zikafika jua li utosini, zanuka beberu. Nikazisugua huku nalia kwa hasira, na wageni wakala baada ya laasiri. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yakiuma, midomo haikai kimya.

Kisha ikaja harusi ya Salsabil, huko Bamburi. Mamake, Bi Rania, ni mtu wa heshima, hakunivunjia ahadi. Lakini nilipata habari kuwa amemwomba mpishi mwengine, Dama, awepo pale asubuhi na mapema. Mimi Barke nikichelewa, Dama awashe moto. Mimi nawajua watu wetu: mwengine akishawasha moto kwenye harusi uliyopewa wewe, harusi zote zijazo zafuata moshi wake. Sikumlaumu Bi Rania, lakini iliniuma.

"Baba Nadira," nikamwambia Idarus, "sitaki tena pikapu ya mtu. Nataka tela langu, livutwe na gari letu."

"Inshallah."

"Inshallah ya kweli, au ya kunirudisha jikoni?"

"Ya kweli. Nipe wiki."

Lo! Wiki ya Idarus! Huyu bwana alichelewa kwenye nikaha yake mwenyewe, kwa kuwa njiani alimwona mtu ambaye gari lake limezima taa. Babangu alikuwa ashaanza kuvua kilemba.

Lakini safari hii alianza kwa nguvu. Alipata tela la zamani, na Kaingu, fundi wa kuchomelea, akamtengenezea chuma cha kuvutia. Kikafungwa chini ya buti kwa nati nene, kichwa chake cha mviringo kikatokeza nyuma kama goti. Nikasema alhamdulillahi, sasa ni waya tu.

Wapi! Kwanza kutu. Alisugua kwa msasa mpaka akawa mwekundu kope na nyusi. Kisha akapaka rangi ya kuzuia kutu, kisha ya kijani, kisha ya kijani tena. Alipaka nje, ndani na chini. Alipaka kila nati na kila tundu la nati. Siku zinakwenda, mimi nahesabu pawa na masinia, yeye yu chali chini ya tela na brashi.

"Na taa?" nikamwuliza.

"Taa ni kazi ndogo, Mama Nadira. Haraka haraka haina baraka."

"Na pole pole yako itampa Dama harusi yangu."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumamosi baada ya laasiri, harusi ikiwa kesho yake, ndipo alipovuta waya kutoka kwenye taa za nyuma za gari mpaka kwenye soketi kando ya kile chuma. Akachomeka plagi ya tela, akaniketisha kwenye usukani, naye akasimama nyuma, mikono kiunoni.

"Kanyaga breki!"

Nikakanyaga.

"Vipi huko?"

"Indiketa zawaka."

"Mimi nimekanyaga breki!"

"Najua ulichokanyaga. Hebu washa indiketa ya kushoto."

Nikawasha. Tela likakonyeza macho yote mawili, hafifu, kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Akachomoa plagi, na taa za gari lenyewe zikawaka sawasawa. Akairudisha, na wazimu ukarudi. Akakagua waya zote, akafungua kila lehemu aliyoitia, akaitia upya. Tela bado lilikuwa likikonyeza.

Jirani yetu Bi Kuluthum alikuwa akitazama juu ya ukuta tangu mwanzo. "Hiyo ni husuda," akasema. "Tela zuri hivyo, kijani hivyo, mumeliweka nje hata halijasomewa! Mwataka nini?" Akaja na chetezo, ubani wafuka, akalizunguka tela huku ananong'ona. Moshi ukamwingia Idarus aliyekuwa chini ya gari. Akapiga chafya, akajigonga kichwa, buti zima likalia.

"Mwaona?" akasema Bi Kuluthum. "Yatoka!"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kisha nikaona sufuria zangu zimepangwa barazani, safi, zangoja, na jua linashuka.

"Nimpigie Nguma?" nikamwuliza.

Idarus alitoka chini ya gari akanitazama. Wallahi sijawahi kumwona na uso ule. "Usimpigie," akasema. Akachukua taa yake ndogo ya kupimia, upande mmoja akaushikiza kwenye waya wenye moto, wa pili akaugusisha kwenye nati ya tela. Taa haikuwaka. Akagusa nati nyingine. Giza. Akaitazama rangi yake ya kijani, nami nikajua keshajua.

Umeme, kama anavyoniimbia tangu ujana wetu, ukenda sharti upate njia ya kurudi. Njia hiyo mafundi huiita athi, na kwenye tela lile ilikuwa ni mwili wenyewe wa chuma. Waya wa athi hubanwa kwenye chuma kitupu, na kila taa hali kadhalika. Sasa chuma kitupu kiko wapi, na bwana huyu amelivika tela kanzu tatu? Umeme ukikosa pa kurudia, ulikuwa ukizurura kwenye taa nyingine.

"Kwarua," nikamwambia.

"Labda iko njia nyingine—"

"Idarus!"

Siku zote mimi humwita Baba Nadira. Akisikia jina lake tupu, ajua mambo yameharibika. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Akachukua tupa, akapiga magoti. Uso wake ulikuwa wa baba aliyempeleka mwanawe jandoni. Akakwarua chini ya nati ya athi, akakwarua nyuma ya kila taa, mpaka chuma kikang'aa. Kila akikwarua alisema "pole", na sijui alikuwa akiniambia mimi au tela. Akakaza nati, akazipaka grisi juu.

"Breki!"

Nikakanyaga. Ukuta wa nyuma ukawa mwekundu.

"Kushoto!"

Jicho moja tu likakonyeza, la kushoto, kwa adabu zote.

"Si niliwaambia?" akasema Bi Kuluthum. "Ubani ule ni wa Maka." Tukamwachia ushindi wake.

Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, tukafunga sufuria kwa kamba tukaondoka. Kwenye barabara kuu lori la mawe lilikuwa nyuma yetu, languruma. Idarus akawasha indiketa ya kulia. Nikageuza shingo, roho juu. Lori likapunguza mwendo, likatupisha. Nilitaka kupiga kigelegele humo humo garini.

"Chapuza basi, mume wangu."

"Pilau haijaiva bado."

"Na haitaivia garini!"

Tulipofika Bamburi, Dama alikuwa ameketi kwenye kibao mbele ya mafiga. Kuni zilikuwa tayari zimepangwa, na kiberiti ki mkononi mwake. Bi Rania alisimama mlangoni akitazama barabara. Alipoona tela, kisha akaniona mimi, alishusha pumzi nikaisikia.

"Sabalkheri, Bi Barke."

"Sabalkheri, bibi."

Dama akainuka, akanipa kiberiti kwa mikono miwili. Ni mtu mwema. Nikamwambia abaki anisaidie, vitunguu ni vingi. Idarus alikuwa akifungua kamba, rangi ya kijani imemganda ndevuni, shati lina grisi. Bi Rania akamtazama.

"Na huyu ndiye dereva uliyemkodi badala ya Nguma?"

Angeweza kusema yeye ni mume wangu. Angeweza kusema yeye ni fundi Idarus, anayejulikana toka Changamwe hadi Likoni. Akajinyosha mgongo, akafuta mikono kwenye suruali.

"Naam, bibi," akasema. "Mimi ni dereva wa Bi Barke."

Nilimpenda pale pale, mbele za watu, kuliko siku aliyonioa, na nilitamani kumwambia. Lakini jua lilikuwa limetoka, na moto ulikuwa haujawashwa.

"Dereva," nikamwambia, "anza na ile sufuria kubwa."